Kipandikizi cha jino kianzie kwa mzee asiye na meno

Matangazo ya vipandikizi vya meno, yaani skrubu zinazozamishwa kwenye mfupa wa taya ili zishike jino la bandia, yanayotufikia hapa Mwanza yanafanana sana: kijana mwenye meno meupe kupita kiasi anacheka, na chini yake pameandikwa habari za tabasamu. Sina ugomvi na tabasamu. Mtu aliyepoteza meno ya mbele huufunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka, hujibu maswali kwa mkato, na wapo wanaokwepa hata kupiga picha kwenye harusi za ndugu zao. Hilo ni jambo zito na sitalidharau. Ninachopinga ni kuipokea tiba hii kana kwamba ni kipodozi cha wenye nazo, kisha kuiacha hukohuko kwao. Kipandikizi kilianza kwa mtu aliyeshindwa kula. Kama kitaingia kwenye hospitali zetu za umma na kwenye bima, na mimi naamini kinapaswa kuingia, basi wa kwanza kukipata awe mzee ambaye taya lake la chini halina hata jino moja. Kwake vipandikizi viwili vinatosha.

Historia iko upande wangu. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa. Alipachika vifaa vidogo vya metali iitwayo titaniamu kwenye miguu ya sungura ili atazame kwa hadubini kinachoendelea humo. Uchunguzi ulipokwisha alitaka kuvichomoa avitumie tena, kwa kuwa vilikuwa ghali, lakini havikutoka. Mfupa ulikuwa umeikubali titaniamu na kuishika moja kwa moja. Mwaka 1965, katika jiji la Göteborg, Brånemark alimwekea mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, vipandikizi vinne kwenye taya la chini. Larsson alizaliwa na kaakaa lililopasuka na taya lenye kasoro, na meno ya chini hakuwa nayo. Alivitumia hadi alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye. Madaktari wengi wa meno hawakumsadiki Brånemark kwa muda mrefu, mpaka mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ulipowekewa mezani matokeo ya miaka mingi. Tangu hapo ndipo tiba hii ikaenea, na ilivyoenea ikahamia kwa wenye uwezo wa kulipa.

Kwa asiyewahi kukiona, kipandikizi ni skrubu fupi ya titaniamu, urefu wake mara nyingi ni kati ya milimita 8 na 13, inayozamishwa kwenye mfupa wa taya pale palipokuwa na mzizi wa jino. Kazi hufanyika kwa sindano ya ganzi, na waliowekewa wengi husema usumbufu wake hauzidi ule wa kung'olewa gego. Baada ya hapo kinachotakiwa ni subira. Kwenye taya la chini mfupa huhitaji miezi 3 hivi kushikamana na skrubu. Kwenye taya la juu, ambako mfupa ni laini zaidi, hufika miezi 6. Ndipo juu yake kinafungwa kiunganishi, na juu ya kiunganishi linakaa jino lenyewe. Zipo hali ambazo jino huwekwa siku hiyohiyo, lakini ni za kuchaguliwa kwa makini. Anayekuahidi jino la siku moja kabla hajatazama picha ya mfupa wako anafanya biashara, hajaanza kutibu.

Kuna msemo umetugharimu sana: dawa ya jino ni kung'oa. Nimeusikia Kirumba, nimeusikia Igoma, nimeusikia vijijini Magu na Misungwi, na wanaousema si wajinga. Wanaeleza walichokiona. Mtu anaumwa jino, anaanza na karafuu, anafuata vidonge vya kutuliza maumivu kutoka duka la dawa, anavumilia hadi shavu linavimba, na anapofika kituoni anamkuta tabibu mmoja, foleni ndefu, ganzi na koleo. Kuziba jino kunahitaji mashine inayofanya kazi, umeme usiokatika na dawa za kuzibia. Kutibu mzizi kunahitaji hayo yote, na muda, na mgonjwa arudi tena. Koleo halihitaji chochote cha ziada. Jino linatoka, maumivu yanaisha, mtu anarudi Mwaloni kuuza dagaa wake, na kwa akili yake jambo limekwisha.

Kwa mfupa, jambo ndiyo kwanza linaanza. Mfupa unaozunguka jino upo kwa ajili ya jino. Jino likiondoka, mwili unauyeyusha. Katika mwaka wa kwanza ukingo wa taya mahali hapo hupoteza karibu nusu ya upana wake, na theluthi mbili ya upotevu huo hutokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Anayekuja kuulizia kipandikizi baada ya miaka kumi anakuta pa kuzamishia skrubu hapapo, na anaambiwa habari ya kuongezewa mfupa, yaani upasuaji mwingine na gharama nyingine. Kwa hiyo uamuzi kuhusu kipandikizi hufanywa siku jino linapong'olewa, hata kama hakuna aliyelitaja neno lenyewe. Jino likitolewa taratibu bila kuvunja ukuta mwembamba wa mfupa wa mbele, mlango unabaki wazi. Likinyofolewa kwa pupa, mlango unafungwa nusu. Ningependa kila anayeng'oa jino katika mkoa huu amweleze mgonjwa hivyo, kwa sentensi mbili tu, kabla ya kuchoma sindano. Na kabla ya sentensi hizo mbili iwepo ya kwanza: je, jino hili haliokoleki kweli? Jino lako mwenyewe lililozibwa vizuri linashinda kipandikizi kizuri. Lina utando unaoliunganisha na mfupa na kuhisi kila unachouma. Skrubu haina utando huo.

Si kila pengo linahitaji kujazwa, na hili linasemwa mara chache kwa sababu halimwingizii mtu fedha. Mwaka 2003 watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Nijmegen nchini Uholanzi, walichapisha utafiti uliofanywa hapahapa Tanzania juu ya uwezo wa kutafuna wa watu waliopoteza magego. Waliobaki na meno ya mbele, magego madogo yakiwa kamili na angalau jozi moja ya magego makubwa inayokutana, walikuwa wanatafuna vya kutosha. Shida kubwa, hasa kwa vyakula vigumu, ilikuwa kwa wale ambao hata magego madogo yamewaisha. Ndiyo maana mtu mwenye miaka 45 aliyepoteza gego moja la nyuma, ambaye bado anakula muwa na mishkaki bila tabu, sioni sababu ya kumkopesha kutoka kwenye kikoba ili alipie skrubu. Afundishwe kuyatunza yaliyobaki. Wajapani tangu mwaka 1989 wana kampeni yao ya kufika umri wa miaka 80 ukiwa na meno yako 20. Hilo ni lengo zuri zaidi kwa mtu huyu kuliko jino jipya.

Sasa nije kwa mzee.

Seti kamili ya meno ya bandia ya juu hukaa vizuri kwa sababu inafunika kaakaa lote, mate yakajaza nafasi na seti ikanata. Seti ya chini haina bahati hiyo. Inakalia ukingo mwembamba wa ufizi, ulimi unaisukuma kutoka ndani, midomo na mashavu yanaisukuma kutoka nje, na kila anapofungua kinywa inanyanyuka. Ukingo wenyewe nao unazidi kuisha. Ufuatiliaji wa miaka 25 uliochapishwa na Antje Tallgren mwaka 1972 ulionyesha kwamba kwa watu wasio na meno, mfupa wa taya la chini hupungua kiasi cha mara nne ya ule wa juu. Kwa hiyo seti iliyomkaa sawa akiwa na miaka 60 inacheza akiwa na 70, hata kama haijaharibika popote. Mwenye seti kamili za kawaida hutafuna kwa nguvu isiyozidi robo hivi ya ile aliyokuwa nayo na meno yake.

Shangazi yangu wa Sengerema anayo seti ya chini iliyotengenezwa na fundi makini. Huivaa kwenda kanisani na msibani. Chakula kikiletwa, anaitoa, anaifunga kwenye leso na kuitia mkobani. Anakula ugali laini na mchuzi. Nyama anawaachia wengine. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambayo alikua akiyatafuna makavu hivyohivyo njiani akienda kuteka maji, hayagusi. Samaki anachambuliwa na wajukuu, na hapo pana jambo ambalo sisi wa ziwani tunapaswa kulielewa kuliko watu wengine wote: mla sato huutambua mwiba kwa ulimi na kaakaa. Kaakaa likifunikwa na seti ya juu, nusu ya ulinzi huo imeondoka, na mwiba unaweza kupita bila kuhisiwa. Ukimuuliza shangazi kuhusu meno yake atakujibu, "Yananitosha, mwanangu." Wazee wengi hujibu hivyo. Wamezoea kutolalamika, na sisi tumezoea kulichukua jibu lao kama ripoti ya hospitali.

Vipandikizi viwili vinabadilisha hali hii. Vinawekwa sehemu ya mbele ya taya la chini, karibu na palipokuwa na meno ya chonge, kulia kimoja na kushoto kimoja. Hapo mfupa ni mgumu na hubaki wa kutosha hata kwa mtu aliyekaa bila meno miaka mingi, na ni mbali na neva kubwa inayopita nyuma yake. Seti ya chini inawekewa vifungo kwa ndani, ikabana kwenye vichwa vya skrubu kama vifungo vya kubonyeza vya nguo. Mzee anaivaa mwenyewe, anaitoa mwenyewe usiku, anaiosha. Akila haichezi. Umri peke yake haumzuii mtu kuwekewa. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, seti inayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo iwe chaguo la kwanza. Mwaka 2009 wenzao wa Uingereza walitoa tamko linalofanana na hilo mjini York. Wala haihitajiki kinywa kizima cha skrubu. Viwili tu, na meno ya juu yanabaki ya kawaida.

Najua pingamizi linalokuja, na ni la watu ninaowaheshimu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Fedha kidogo tulizonazo zikanunue vifaa vya kuzibia meno, wanasema, watoto wa shule za Ilemela na Nyamagana wapate dawa ya meno yenye floraidi na elimu ya kupiga mswaki, kipandikizi kisubiri. Nakubaliana nao juu ya watoto, bila kusita. Lakini kinga haimrudishii jino aliyekwisha kulipoteza. Huyu mzee alipokuwa kijana, tiba pekee aliyopewa ilikuwa koleo. Hakuchagua kung'olewa badala ya kuzibwa, kwa sababu kuzibwa hakukuwepo. Nchi iliyomng'oa meno yote kwa miaka 30 kwa kuwa haikuwa na kingine cha kumpa ina deni kwake, na deni hilo halilipwi kwa kumnunulia mjukuu wake mswaki.

Gharama ni kweli ni kubwa. Jino moja la kupandikiza katika kliniki binafsi huingia kwenye mamilioni ya shilingi, wakati meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hugharimu sehemu ndogo tu ya hiyo. Lakini sehemu kubwa ya bei hiyo haitokani na titaniamu. Siku hizi skrubu hutengenezwa pia Korea Kusini, Brazili na kwingineko kwa bei nafuu kuliko za mwanzo za Ulaya, na hospitali inayonunua nyingi kwa pamoja haiuziwi kama kliniki inayonunua chache. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mazungumzo juu ya kitita, nini kimo na nini hakimo, yataendelea kwa miaka. Mle ndani ningependa kuona mstari mmoja mfupi: vipandikizi viwili vya taya la chini, kwa asiye na meno, mara moja katika maisha. Mstari wa namna hiyo unahesabika na una mwisho, tofauti na ahadi ya kumpa kila mtu kila jino.

Baada ya wazee nawaweka watu wa aina mbili, na nina hakika madaktari wa upasuaji wa kinywa wa Hospitali ya Bugando wangeweza kuongeza wengine. Wa kwanza ni waliokatwa sehemu ya taya kwa sababu ya uvimbe. Kanda ya Ziwa tunaujua uvimbe wa taya, kwa watoto na kwa watu wazima, na tunawajua waliochelewa kwa sababu walipelekwa kwa mganga kwanza. Aliyepona uvimbe akabaki na nusu ya taya hawezi kuvaa seti ya kawaida, hana pa kuikalisha. Wa pili ni vijana wa bodaboda na abiria wao. Kijana wa miaka 22 aliyeanguka barabara ya Nyegezi akapoteza meno manne ya mbele ana miaka 50 mbele yake ya kuongea na wateja. Daraja, yaani meno ya bandia yanayogandishwa kwenye meno jirani, kwake lingemlazimu daktari ayachonge meno mazima ya pembeni.

Kuhusu matokeo, takwimu zinazotajwa na wauzaji si za uongo. Tafiti zilizofuatilia vipandikizi kwa miaka kumi zinaonyesha kwamba takriban 95 kati ya kila 100 bado vipo mahali pake. Nyingi ya tafiti hizo zimefanywa kwa wagonjwa wanaorudi kliniki kila mwaka, katika nchi ambazo kliniki iko mtaa wa pili. Na kuwapo mahali pake si kuwa na afya. Kipandikizi hakitoboki, lakini ufizi na mfupa unaokizunguka huvimba na kuliwa kama ukoga hausafishwi, na takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hupata tatizo hilo kwa kiwango fulani. Sigara huongeza hatari. Kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari. Anayeishi na VVU na anatumia dawa zake vizuri hazuiliwi, ingawa wapo wanaokatishwa tamaa mlangoni kwa sababu hiyo, na si haki. Aliyepigwa mionzi kichwani au shingoni anahitaji mazungumzo ya kina na daktari wake kabla ya mtu yeyote kugusa taya lake.

Kuna jambo moja dogo ambalo nimeona halizungumzwi kabisa, nalo linanipa wasiwasi kuliko bei. Skrubu za kampuni moja mara nyingi haziingiliani na za nyingine. Kiunganishi kikilegea baada ya miaka minane, daktari anahitaji bisibisi ya aina hiyohiyo na kipuri cha aina hiyohiyo. Kama kliniki iliyokuwekea imefungwa au daktari amehama, na wewe hujui ulichowekewa, unabaki na chuma kizima kinywani kisicho na wa kukihudumia. Kwa hiyo anayewekewa leo, popote pale, adai kadi yenye jina la kampuni, aina ya skrubu, urefu na unene wake, na tarehe. Aiweke pamoja na hati ya nyumba. Na ahakikishe aliyemwekea amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Hii ndiyo sababu nataka hospitali za umma za ukanda huu zikubaliane juu ya aina moja tu ya skrubu kabla hazijaanza, Mwanza kama Bukoba, Musoma kama Geita. Vile vifungo vya ndani ya seti vina plastiki inayochakaa, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja hivi, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kipuri na kifaa chake. Mtu wa Sengerema sasa anavuka kwa gari. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na kusubiri kivuko kumekwisha. Wa Ukerewe bado anategemea maji na ratiba ya meli. Tabibu wa meno wa Hospitali ya Wilaya ya Nansio afundishwe kazi hiyo, apewe boksi la vipuri na bisibisi yake, ili plastiki ya mzee wa Bukindo ikilegea ibadilishwe Nansio, na mzee awe nyumbani kabla ya chakula cha mchana.